Kabla Katuma Haijajaa

Redempta alipita mbele ya gereji mara ya kwanza akijidai anatazama mabati yaliyopangwa nje ya duka la jirani. Alipopita mara ya pili hakuwa na cha kujidai. Tangu Machi hakuwa amekanyaga upande ule wa mji. Akitaka kwenda stendi alizungukia nyuma, kwenye pumba na kelele za mashine za kusaga, ili mradi asikutane na mtu mmoja. Na mtu huyo sasa alikuwa humo ndani, chini ya gari. Sauti yake ilikuwa ikimwomba mwenzake spana.

Akaingia.

"Hodi."

Miguu iliyochomoza chini ya Land Cruiser ilitulia. Ndalahwa alijivuta nje akiwa chali, akamwona, akabaki amelala hivyo hivyo kwa muda, kama mtu asiye na hakika kama ameamka. Kisha alisimama, akachukua kitambaa na kuanza kujifuta mafuta, kidole kimoja kimoja.

"Karibu, dada," alisema.

Mwanamume huyu aliwahi kumwita Redempta kwa majina ambayo hata sasa, akiyakumbuka dukani katikati ya vitenge vyake vya Kongo, yalimfanya apime kitambaa vibaya mbele ya wateja. Leo amekuwa dada.

"Nimekuja kwa ajili ya mama," alisema. "Anataka kwenda Katavi."

"Mama Klementina? Katavi kufanya nini?"

"Kuona viboko."

Redempta alitegemea atacheka. Hakucheka. Alivuta kiti cha gari kilichokuwa kimeng'olewa, akakipangusa, akakiweka mbele yake. Redempta akaketi, akaeleza. Marehemu mjomba wake alikuwa kibarua wa barabara kule Sitalike, kando ya hifadhi, enzi za ujana wake, na kila akirudi nyumbani Kizwite aliwasimulia wadogo zake jinsi viboko wa mto Katuma wanavyolaliana kwenye tope wakati wa kiangazi, kama viazi kwenye kapu. Mama alikuwa msichana mdogo. Tangu hapo alitamani, lakini mara akaolewa, mara akazaa, mara shamba, mara harusi za watoto wa ndugu, na miaka ikaenda. Sasa ni macho.

"Macho yamefanyaje?"

"Daktari anasema ni presha ya macho. Ya pembeni haoni tena. Anatazama kama mtu anayechungulia kwenye mlango uliobaki kidogo kufungwa. Kilichopotea hakirudi, na hicho kilichobaki..." Alikunja ncha ya kitenge chake. "Nilifikiria tumpeleke Desemba, baada ya Noeli. Watu wa mjini wanaenda kutembea wakati huo."

Ndalahwa alitikisa kichwa. Kwa kitambo aliacha kuwa mtu aliyeumizwa, akawa dereva.

"Desemba hakuna atakayekufikisha. Udongo wa kule ni mweusi. Ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto unavyoshika mkono, huendi mbele wala nyuma. Na hata ukifika hutawaona. Maji yakiwa mengi wanatawanyika, kila mmoja anajitafutia kidimbwi. Hayo aliyosimulia mjomba wako ni mambo ya sasa hivi, mto ukiwa umebaki tope."

"Basi lini?"

"Mwisho wa mwezi huu. Mwaka mwingine ningekwambia hata katikati ya Novemba tuna nafasi. Mwaka huu hapana. Wiki iliyopita nilikuwa bonde la Rukwa, na tayari mchana kunanguruma."

"Redio nayo inasema mvua zitakuwa kubwa. Wamezipa na jina."

"Nimelisikia. Maana yake sijui, lakini mawingu nimeyaona. Tukikosa Oktoba hii, ni mpaka Juni."

"Juni mama hatakuwa anaona, Ndalahwa."

Lilimtoka jina lake, na wote wawili walilisikia. Fundi mwenzake aliokota debe tupu akatoka kwenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyekuwa ameyahitaji.

"Baba yako anajua dereva ni nani?"

"Anajua. Hakuna gari jingine linaloingia hifadhini mwezi huu. Mama alimwambia, nikienda na huyo kijana au nisiende, ni shauri lako. Akasema mama aende. Shangazi Silvana atamsindikiza."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki. Ndivyo alivyosema."

Ndalahwa alicheka sasa, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Kwa hiyo umekuja kunipangia safari ambayo wewe mwenyewe humo. Mzee anaogopa nitakuiba."

"Ulisema utaniiba."

"Nilisema, ndiyo." Alikitupa kitambaa juu ya boneti. "Wazee wangu walipanda mlima kutoka Usevya kuja kukuposa, na heshima zao zote. Baba yako aliwapokea mlangoni akiwa amesimama, na wao wakasimama. Hata maji hawakupewa. Aliwaambia hana binti wa kuwapa watu ambao leo wako Usevya, kesho Mbeya, keshokutwa hawajulikani walipo. Mama yangu alilia njia nzima. Nikaja kwako jioni ile, nikakwambia basi tuondoke, twende Mwanza. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hukusema kitu. Afadhali ungenitukana, Redempta. Tusi ningelibeba. Ule ukimya nimeubeba mpaka leo na sijui pa kuutua."

Redempta alitazama chini. Kulikuwa na neno kooni mwake, lile lile la Machi, nalo lilikataa kutoka kama lilivyokataa siku ile.

"Nyumbani wananitafutia mchumba," Ndalahwa aliendelea, sauti imeshuka. "Kuna binti pale Usevya. Baba anataka ng'ombe wa mahari watoke kabla ya mavuno."

"Ni mzuri?"

"Sijamtazama."

Waliangaliana. Macho ya Ndalahwa yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabara za Laela na Kasesya, na chini yake kulikuwa na uchovu ambao Redempta hakuwa ameuzoea. Alitamani kunyoosha mkono alifute doa la grisi lililokuwa shavuni mwake. Mkono aliuficha chini ya kitenge.

"Nitampeleka mama yako," alisema Ndalahwa. "Ijumaa asubuhi tunatoka, Jumapili jioni namrudisha. Mwambie abebe nguo nzito. Na usifikiri nafanya hivi kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui," alisema, akajilaza tena chini na kujisukuma ndani, mpaka ikabaki miguu tu.

*

Asubuhi ya Ijumaa hewa ya Kizwite ilikuwa baridi na anga safi. Mama Klementina alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na sweta mbili. Shangazi Silvana, dada yake Mzee Oswaldi, baba wa Redempta, alipanda garini na kapu la vitumbua, chupa ya chai na rozari, akaketi kiti cha nyuma akiwa amenuna, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kama na yeye anataka kuona viboko.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndalahwa.

"Marahaba." Mzee Oswaldi aliitikia akilitazama tairi. Alikuwa mwanamume mfupi, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyelima ulezi maisha yake yote. "Mvua ikiwakuta?"

"Tunageuza, mzee. Simlazimishi mtu kuvuka maji."

"Jumapili."

"Jumapili jioni."

Redempta alimshika mama mkono mpaka mlangoni mwa gari. Mama aligeuza shingo yake yote kumtafuta binti yake, kwa vile kwa pembeni hakuwa akimwona tena, akamshika kidevu.

"Ungekuwapo ungeniambia ninachokikosa," alisema taratibu.

"Ndalahwa atakuambia, mama. Ana macho mazuri."

"Hilo nimelisikia ukilisema zamani," alijibu mama, akapanda.

Gari liliondoka. Kwenye kioo cha pembeni Redempta aliyaona macho ya dereva yakimtazama, na yalimtazama mpaka kona ya kanisani. Aliporudi ndani baba yake alikuwa tayari ameshika jembe.

Mvua ilinyesha Jumamosi mchana. Haikuwa manyunyu ya kufungulia msimu ambayo watu wa Ufipa huyangoja kwa furaha wapande ulezi. Iliporomoka yote kwa pamoja, ikabomoa matuta, ikaingia jikoni. Watu walitazamana, kwa kuwa Oktoba ilikuwa bado haijaisha. Jumapili ikanyesha tena. Saa za jioni zilikuja zikapita, na gari halikuonekana.

Jumatatu Redempta hakufungua duka. Alikwenda stendi kuuliza. Basi la Mpanda halikuwa limefika, na kondakta mmoja alimwambia Katuma imejaa mpaka juu ya kingo, hakuna anayevuka. Alirudi nyumbani akiwa amelowa chapachapa, akamkuta baba amesimama barazani amevaa koti lake la misa, kofia mkononi, kama mtu anayetaka kwenda mahali ila hajui ni wapi.

Alimweleza aliyoyasikia. Mzee Oswaldi alisikiliza bila kumtazama.

"Nilijua," alisema. "Mtu wa kuhamahama hajui kurudi. Ukimpa mtu wako, umempoteza."

"Baba, ni mvua."

"Na Cornelia alikuwa mvua?"

Jina hilo halikuwa limetajwa katika nyumba ile kwa miaka. Cornelia, dada yake Redempta, aliolewa na mfanyabiashara mcheshi aliyekuja na lori. Siku chache baada ya harusi wakavuka Kasesya kuingia Zambia, wakaahidi kurudi kwa mavuno. Mavuno yalikuja, na mengine baada ya hayo. Mzee Oswaldi alikwenda mwenyewe mpaka mpakani, akauliza kila dereva, akalala kwenye vibanda vya watu, akarudi amekonda. Hawakujua kama binti yao yu hai.

"Nilimpa yule mtu mkono wangu huu," alisema baba. "Nikamchinjia. Halafu wanakuja wengine, nao wanaishi kwa miguu. Nitamtafuta wapi mwingine, Redempta? Sina nguvu za kwenda mpakani tena."

Redempta alihisi lile neno lililomkaa kooni tangu Machi likisogea.

"Baba, unajua Ndalahwa aliniomba tuondoke naye?"

Mzee aligeuka.

"Siku ile ile ulipowafukuza wazee wake. Alikuwa na gari, alikuwa na mafuta. Ningepanda tu. Usingejua mpaka kesho yake."

"Kwa nini hukupanda?"

"Nilikukumbuka uliporudi kutoka Kasesya. Ulikaa hapa hapa, ukavua viatu, ukashindwa kuvivaa tena siku nzima. Nikasema sitakufanya ukae hivyo mara ya pili. Nikamwacha mtu ninayempenda asimame barabarani, sikumpa hata neno, kwa sababu ningefungua mdomo ningemfuata." Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. "Nimekaa, baba. Sijaenda popote. Na wewe umeniangalia miezi yote hii kama mtu aliyekwisha kuondoka."

Mzee Oswaldi alitazama kofia yake, akaizungusha mkononi. Alitoka akasimama kwenye mvua karibu na lango, akabaki pale mpaka koti la misa lilipokuwa jeusi kwa maji.

*

Gari lilifika Jumanne mchana, mvua ikiwa imepumua kidogo. Lilikuwa tope tupu hadi kwenye paa, kioo kimoja kimefunikwa kwa gunia. Shangazi Silvana alishuka wa kwanza, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Kiatu changu kiko Usevya," alitangaza kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza. "Mniulize mengine baadaye."

Ndalahwa alizunguka, akafungua mlango wa mbele, akambeba Mama Klementina juu ya madimbwi na kumweka barazani taratibu, kama mtu ambebavyo mama yake. Mama alikuwa amejifunika blanketi la wafugaji, lenye harufu ya moshi na maziwa. Alikuwa akitabasamu.

Redempta alimkumbatia. Mzee Oswaldi alisogea, akamgusa mkewe bega, akaligusa tena kama anayehakikisha.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Niliwaona, Oswaldi. Ijumaa ile ile jioni, kabla ya mvua. Wamelaliana kweli, hivi hivi alivyosema kaka yangu. Mmoja alimpanda mwenzake mgongoni, na yule wa chini akapiga mwayo tu, akaendelea kulala. Huyu kijana alinisogeza mpaka nikapata pa kutazamia. Nilitazama mpaka nikatosheka, nikasema basi, twende."

Alieleza yaliyofuata. Jumamosi maji yalikata njia. Wangeweza kujaribu, kwani kulikuwa na lori lililojaribu, na wakaliona lilivyolala ubavu. Ndalahwa alikataa. Aligeuza gari akawapeleka Usevya, nyumbani kwa wazazi wake, na huko walikaa mpaka ikapatikana nafasi ya kupita bondeni na kupanda mlima kwa upande wa Muze.

"Mama yake alinipa kitanda chake," alisema Mama Klementina. "Yeye na mumewe walilala chini. Alinikamulia maziwa, akanikandia miguu kwa maji ya moto. Hakuniuliza kitu. Jana asubuhi, tunaaga, ndipo akanishika mikono yangu miwili. Akasema, mayu, mama yangu, sina ugomvi, nataka nijue tu. Kwa nini mlimrudisha mwanangu? Ana kasoro gani ambayo mimi niliyemzaa siioni?"

Maji yalidondoka barazani kutoka kwenye bati. Ndalahwa, aliyekuwa akirudi na kapu la shangazi, alisimama pale alipofika.

"Nilikosa jibu, Oswaldi. Nimelala kitandani kwake, nimekunywa maziwa yake, na sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia swali hilo si langu, ni la mume wangu, na mume wangu atakuja kulijibu mwenyewe." Aligeuza shingo polepole mpaka akampata mumewe kwenye kile kitundu cha mwanga alichobakiwa nacho. "Nimeahidi kwa niaba yako. Ukitaka nionekane mwongo, kaa hapa."

Shangazi Silvana alijipiga ishara ya msalaba, akaingia ndani na kiatu chake kimoja.

Mzee Oswaldi alishuka barazani, akapita karibu na Ndalahwa, akaenda mpaka kwenye gari. Alitazama tope lililoganda kwenye springi, akatazama minyororo iliyofungwa kwenye tairi, akatazama lile gunia la dirishani.

"Lori lililolala ubavu," alisema bila kugeuka, "dereva wake alipona?"

"Alipona, mzee. Tulimvuta."

"Uliniambia ni Jumapili."

"Nilisema hivyo. Nisamehe, mzee. Niliona ni heri nichelewe naye."

Baba aliitikia kwa kichwa, kidogo sana, na Redempta aliyekuwa nyuma yao aliona mabega yake yakishuka.

"Barabara ya kwenu inafunguka lini?"

Ndalahwa alimtazama Redempta, akarudisha macho haraka kwa mzee, akiogopa pengine kwamba amesikia vibaya.

"Mvua zikiwahi kwisha, Juni. Mwaka huu sina hakika. Mto ukipungua mimi ndiye wa kwanza kujua."

"Nikifika Usevya, nimuulize nani nyumba yenu?"

"Hutauliza, mzee. Nitakuja kukuchukua."

Mzee Oswaldi alirudi barazani, akamwinua mkewe na kumwingiza ndani, akimwongoza kwa kiwiko kupita kizingiti. Kwa mara ya kwanza tangu Machi aliwaacha wawili hao wamesimama pamoja mchana kweupe, mlango wake ukiwa wazi.

Redempta alikaribia. Doa la grisi la siku ile halikuwapo tena, lakini tope lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyusi. Safari hii hakuuficha mkono. Alimfuta kwa ncha ya kitenge, na Ndalahwa alifumba macho.

"Yule binti wa Usevya," alisema Redempta.

"Mama amesema hatatuma mtu kwenye nyumba nyingine mpaka apate jibu lake. Baba amekasirika. Anasema Juni ni mbali, na ng'ombe wanaweza kufa wakati tunangoja." Alifumbua macho. "Sijui nitamzuia mpaka lini, Redempta. Sikudanganyi."

"Siku ile sikukujibu kwa sababu ningekufuata," alisema. Lilitoka lote, bila kukwama. "Ningesema neno moja tu, ningekuwa garini."

Ndalahwa aliegemea mlango wa gari.

"Miezi yote hii," alisema.

"Miezi yote hii."

Ngurumo ilipita juu ya mji kuelekea bondeni. Ndalahwa alipaswa kuondoka, gari lilikuwa la mtu, na mlima ulikuwa nyuma yake lakini kazi ilikuwa mbele. Alipanda, akawasha, akaliondoa gari polepole kwenye utelezi. Redempta alisimama akalitazama mpaka lilipopotea, na aliporudi nyumbani alimkuta baba yake mlangoni.

"Sijasema ndiyo," alisema Mzee Oswaldi.

"Nimesikia, baba."

"Nimeuliza barabara tu."

"Ndiyo, baba."

Hakusogea kumpisha. Alikuwa akitazama juu ya bega la binti yake, kule gari lilikoelekea, na matone makubwa yalianza tena kuanguka uwanjani. Alinyoosha mkono nje ya paa, akauacha upigwe na mvua.

"Itanyesha sana mwaka huu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani isinyeshe.